Pia

Nyumbani walisema nimekwenda ng'ambo.
Kweli. Lakini hapa Hull, kila alfajiri,
ng'ambo ni duka la Bi Sissons upande wa pili,
taa yake ya njano, mikate inatoka jikoni,
na kati yetu safu nne za malori yaendayo bandarini.

Nimetoka zamu ya kufua shuka za hospitali,
mikono inanuka sabuni, baiskeli ubavuni.
Nabonyeza kitufe. Subiri, kinasema.
Nasubiri. Upepo wa Humber unanipekua mifukoni
kama askari.
Kisha mtu wa kijani anachungulia, sekunde sita,
kama mdeni nyuma ya mlango,
na huyo, keshatoweka.

Sita! Jina langu na la baba na la babu
huchukua zaidi.

Mzee Norman Stathers wa namba kumi na saba
alipofuka mwaka alioacha kazi kiwanda cha rangi.
Huyo mtu wa kijani hamjui.
"Lete kidole," aliniambia siku moja ya mvua ya mawe,
akakipeleka chini ya kisanduku, nisipowahi kugusa.
Kitu cha chuma, kama tumba la karafuu,
kimelala.
Taa ilipogeuka kikaamka, kikazunguka mbiombio
kwenye ncha ya kidole changu.
Nikacheka. Miaka tisa napita hapa!
Akauliza kwetu kinaitwaje.
Pia, nikasema. Watoto huizungusha kwa uzi.
"Pia," akarudia, akaimung'unya kama peremende.
Maana yake nyingine sikumwambia.

Novemba, Rebwar, yule kijana apelekaye vyakula majumbani,
alikuwa katikati mtu wa kijani alipomtoroka.
Hakufa. Kifundo cha mkono, meno mawili.
Wali wa watu ulitapakaa hadi kituo cha basi,
shakwe wakaufaidi siku mbili.
Halmashauri ikajibu barua yetu: inasikitika,
ila ajali za hapo hazijafikia idadi.
Bi Sissons aliisoma mara mbili, kwa sauti, dukani,
unga kwenye nyusi.
"Basi watuambie wanataka wangapi,
tuwafungie kwenye karatasi."

Tukahesabu wenyewe, Jumanne, saa moja hadi saa tatu asubuhi:
vijiti vinne wima, cha tano kuwalalia.
Vigari vya watoto, arobaini na kimoja.
Baiskeli, mia moja na tisa; yangu niliisahau.
Waliokimbia: wote,
isipokuwa Norman, aliyevuka mara saba
kwa sababu tulimwomba, makamasi yakimchuruzika,
sekunde kumi na tatu kila mara,
honi zikimtukana kuanzia ya saba.

Mhandisi alikuja Februari, buti zina matope.
Hakufungua faili. Alimshika Norman mkono, wakavuka.
Walipofika ng'ambo alibaki ameinama kidogo,
akitazama saa yake
kana kwamba ndiyo iliyokosa.

Kiangazi kizima walichimba.
Sasa kuna kisiwa katikati, baiskeli inaenea ubavu,
barabara imeinuka mgongo, malori yananyenyekea,
sekunde kumi na nne.
Diwani alikata utepe, tukala keki.
Norman akapeleka kidole chini ya kisanduku kipya.
Laini.
Akatafuta tena, taratibu, kama mtu apapasaye ukuta
wa nyumba aliyohama.
Hakuna. Wamesahau.
Keki ilinikwama kooni.

Barua hiyo niliiandika mimi, mistari miwili.
Asanteni kwa kisiwa.
Kimebaki kitu kidogo kuliko kidole.

Wiki ya tano alikuja fundi na bisibisi,
dakika kumi, akaondoka hata bila kuaga.

Leo mvua. Norman kidole kiko pale,
nami nauona uso wake kabla ya taa:
kimeamka.
"Pia," anasema.
Sasa namwambia ile maana nyingine: na wewe, na mimi, nasi vilevile.
Anasimama kuifikiria.
Tunapoteza sekunde nzima.
Inatosha. Tunavuka.